Jumba la Opera la Cairo: Nani Alilisimamia, Nani Alililipia

Sisi tuliokulia Unguja kabla ya mwaka 1964 tuliijua Cairo kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Redio ya Misri ilikuwa haizimwi nyumbani, na mzee akitaja "mambo ya Cairo" alikusudia ufundi wa ala, sauti na adabu ya kusikiliza. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikua katika hewa hiyo. Lakini Cairo hiyohiyo ilikuwa na jumba jingine la muziki ambalo wazee wetu hawakulizungumza sana, nalo ni jumba la opera. Katika makala haya tunaeleza habari zake, na zaidi habari za usimamizi wake.

Jumba hilo lilijengwa kwa amri ya Khedivi Ismail, mjukuu wa Muhammad Ali, mtaa wa Azbakiyya. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulikuwa unakaribia kufunguliwa, na Ismail alitaka wafalme wa Ulaya watakaoalikwa wakute mji unaofanana na Paris. Msanifu wake alikuwa Mtaliana, Pietro Avoscani. Kazi ilikwisha kwa muda wa miezi sita hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya jengo ilikuwa ya mbao. Watu walikaa viti vipatavyo 850. Wanawake wa kasri walikuwa na vyumba vyao juu, vimezibwa kwa melimeli nyeupe ili waone wasionekane. Jumba lilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1869 kwa *Rigoletto* ya Verdi.

Aliyekabidhiwa uendeshaji ni mtu wa ajabu kidogo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Pavlos Pavlidis, Mgiriki wa Cyprus. Alisomea ufamasia Paris kwa mwanakemia Thénard, na kwa kumuenzi mwalimu wake akachukua jina lile na kuligeuza nyuma mbele: Draneht. Misri ilimpa cheo cha Bey, na kabla ya opera aliwahi kusimamia reli. Kazi yake sasa ilikuwa kuajiri waimbaji Italia, kufunga mikataba, kuagiza mavazi na mapambo, na kuhakikisha kila mtu amefika Cairo kabla ya msimu wa baridi kuanza. Fedha zilitoka kwa Khedivi.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa *Aida*. Verdi alikubali kuiandika kwa faranga 150,000, kwa kisa kilichobuniwa na Auguste Mariette, mtaalamu wa mambo ya kale ya Misri. Ilipangwa kuchezwa Januari 1871. Mavazi na mapambo yakatengenezwa Paris, na Wajerumani wakauzingira mji huo. Mzigo ukakwama ndani pamoja na Mariette mwenyewe. Draneht akabaki na jumba, waimbaji na mkataba, lakini hana nguo wala mandhari ya jukwaa. *Aida* ilichezwa hatimaye tarehe 24 Desemba 1871, ikiongozwa na Giovanni Bottesini. Verdi hakuhudhuria.

Wamisri wenyewe walikuwa wapi? Lugha ya jukwaa lile ilikuwa Kitaliana na Kifaransa. Yaqub Sannu, aliyeanzisha michezo ya Kiarabu cha watu wa mji mwaka 1870, alipata sifa kwa Khedivi kwanza, kisha mwaka 1872 kundi lake likafungwa baada ya kejeli zake kuwagusa wakubwa. Fedha za mkulima wa pamba zililipa jumba ambalo lugha yake hakuielewa.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi. Mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said, akirejea kutoka Uingereza, alipita Misri na kuiona fahari ya Ismail. Kabla mwaka haujaisha, majeshi ya Ismail yalitua Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya bendera ya Barghash, mpaka Waingereza walipomshinikiza ayaondoe. Novemba ya mwaka uleule Ismail aliiuzia Uingereza hisa zake za Mfereji kwa paundi milioni 4, kwani deni lilikuwa limemfika shingoni. Jumba la opera, askari wa Barawa na deni vilitoka mkoba mmoja. Mwaka 1879 Ismail aliondolewa.

Jumba lilibaki. Uendeshaji uliingia mikononi mwa Wamisri polepole; miongoni mwa wa mwanzo kuliongoza ni mwigizaji Sulayman Najib. Alfajiri ya tarehe 28 Oktoba 1971 jumba la mbao liliwaka moto likateketea, pamoja na mavazi, mapambo na makaratasi ya miaka mia moja. Mahali pake pakajengwa maegesho ya magari ya ghorofa, na uwanja bado unaitwa Uwanja wa Opera. Jumba jipya, msaada wa Japani, lilifunguliwa Gezira tarehe 10 Oktoba 1988.

Swali la usimamizi halikwisha. Mei 2013 waziri mpya wa utamaduni alimwondoa mkuu wa jumba, Ines Abdel-Dayem, mpiga filimbi. Usiku uliopangwa kuchezwa *Aida*, pazia lilifunguliwa, wasanii wakasimama na mavazi yao, wakatangaza mgomo. Mwaka huohuo alirudishwa, na mwaka 2018 yeye mwenyewe akawa waziri wa utamaduni, mwanamke wa kwanza Misri kushika wadhifa huo.

Wasomaji wetu walioko Maskati, ambako Jumba la Opera la Kifalme lilifunguliwa tarehe 12 Oktoba 2011, wanaweza kulinganisha wenyewe. Sisi tunamaliza kwa jambo moja dogo. Tunayajua mashaka ya Draneht kwa sababu barua zake zilihifadhiwa, na Saleh Abdoun alizichapa kwa Kitaliana mwaka 1971, mwaka uleule wa moto. Zingengoja mchapaji mwingine, hatujui zingekuwa wapi.

Katika nyumba zetu, Maskati, Dubai na London, mna madaftari ya vilabu vya taarabu, risiti za ala zilizoagizwa Misri, na picha za wanachama waliovaa suti na tarbushi. Wanaowatambua waliomo wamebaki wachache. Tunawaomba mkae na wazee wiki hii, muandike nyuma ya kila picha, kwa penseli, majina, mahali na mwaka.