Pampu bila maji ni hasara, injini kisimani ni mauti

KIANGAZI kinapoanza, wakulima wa nyanya, vitunguu na kabichi huanza kutoa pampu zao stoo. Lakini pampu inaweza kuharibika katika dakika chache za kwanza, kabla hata tone moja la maji halijafika shambani.

Pampu ndogo za petroli husukuma maji kwa gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo halina nguvu ya kuvuta hewa, hivyo ni lazima likute maji tayari ndani. Maji hayo hayo ndiyo yanayopoza sili inayozuia uvujaji. Pampu ikizunguka ikiwa kavu, sili huungua.

Kabla ya kuwasha, pampu iwekwe penye ardhi ngumu na tambarare, na oili ya injini ikaguliwe. Mpira wa kuvutia uwe mgumu, usiobonyea, na viungo vyake vikazwe barabara, kwa sababu hewa ikipenya maji hayapandi. Mdomo wake uwe na chujio na uzame vizuri bila kugusa tope. Kisha mkulima afungue kifuniko cha juu, ajaze maji hadi yafurike, na akifunge.

Wakati wa kuwasha, valvu ya kutolea maji ifunguliwe kidogo tu. Mpira ukishajaa, ifunguliwe polepole hadi mwisho. Isiachwe imefungwa kwa muda mrefu injini ikiwa inafanya kazi, maana maji yaliyomo huweza kuchemka.

Dakika mbili zikipita bila maji kutoka, injini izimwe. Kifuniko kisifunguliwe papo hapo, kwa kuwa mvuke unaweza kumuunguza mtu. Isubiriwe ipoe, ndipo maji yaongezwe na viungo vikaguliwe upya. Petroli nayo iongezwe injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Kazi ikiisha, mwendo wa injini upunguzwe na valvu ifungwe polepole kabla ya kuzima, ili maji yasirudi kwa kishindo.

Hatari kubwa zaidi huja maji yanapokuwa chini sana. Usawa wa bahari, pampu iliyo juu ya ardhi huvuta maji kutoka kina cha takriban mita 7. Kipimo hicho hupungua kwa karibu mita 1 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo mkulima wa nyanda za juu huona maji yakigoma mapema, na hapo hushawishika kuishusha injini ndani ya kisima.

Hilo ni kosa la kuua. Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ndani ya shimo hujikusanya upesi, na mtu huzimia kabla hajatambua kinachomsibu. Anayeshuka kumwokoa mwenzake naye huanguka vivyo hivyo. Asishuke mtu, waliobaki juu waite kikosi cha uokoaji.

Kwa kisima kirefu, dawa ni pampu ya umeme inayozamishwa majini, ikiendeshwa kwa gridi, jua au jenereta iliyowekwa mbali na mdomo wa kisima. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini injini ya petroli haina nafasi shimoni.