Spika Janja na Kiswahili cha Likasi

Ukifungua spika yoyote, iwe ya redio ya mezani au spika janja, ile inayoitika ukiita jina lake, utakuta koili ya waya mwembamba wa shaba iliyokaa ndani ya sumaku. Umeme ukipita katika waya huo, koili inavutwa na kusukumwa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, inatikisa karatasi iliyoshikamana nayo, na hewa inayotikisika ndiyo sauti unayoisikia. Hakuna awezaye kusema shaba ya spika fulani ilichimbwa wapi. Lakini Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, umekuwa ukisafisha shaba katika kiwanda cha Shituru tangu 1929, na kobalti ya Katanga imo katika betri za simu za dunia nzima.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Kate Crawford na Vladan Joler, walichora ramani kubwa ya spika moja tu, Amazon Echo, wakifuatilia madini, jasho na taarifa za watu zilizomo ndani yake. Walipiga hesabu kwamba mtoto anayefanya kazi mgodini Kongo angehitaji zaidi ya miaka 700,000 kupata kipato cha siku moja cha Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon. Wao waliangalia kinachotoka huku kwenda kuingia katika spika. Mimi nataka kuangalia kinachoweza kurudi: nyumbani kwa mtu wa Likasi, awe wa Kikula, Panda au Shituru, kifaa hiki kingemfaa nini?

Kwanza tuone kinavyofanya kazi. Echo ilianza kuuzwa Marekani Novemba 2014, ikafuatwa na Google Home mwaka 2016 na HomePod ya Apple mwaka 2018. Echo ya kwanza ilikuwa na maikrofoni saba juu yake, sita kwa duara na moja katikati. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo maikrofoni mbili zilizoachana kwa sentimita 7 huipokea kwa tofauti isiyozidi takriban sehemu mbili za elfu kumi za sekunde. Tofauti hiyo ndogo inaitosha mashine kujua msemaji yuko upande gani, ikapunguza kelele za pande nyingine.

Ndani ya kifaa chenyewe kuna akili ndogo yenye kazi moja, kusubiri jina la kuiamsha. Ikilisikia, taa inawaka na maneno yako yanapelekwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta kubwa za kampuni. Huko sauti, ambayo imepimwa mara 16,000 kwa kila sekunde, inakatwa vipande vya sehemu za mia za sekunde, kila kipande kinaangaliwa kina nguvu kiasi gani katika sauti nene na nyembamba, kisha programu iliyofunzwa kwa maelfu ya saa za mazungumzo ya watu inakisia umesema nini. Programu nyingine inakisia unataka nini, na ya tatu inatunga sauti ya jibu. Nimetumia neno kukisia kwa makusudi. Mashine inachagua maneno yanayoelekea zaidi kuwa ndiyo, kwa kulinganisha na yale iliyokwisha kuyasikia. Ambacho haijawahi kukisikia, itakikosea.

Katika matangazo ya Ulaya na Marekani spika hizi huwasha taa, huongeza joto la nyumba na kuagiza bidhaa dukani. Kwa Likasi naona hayo ndiyo ya mwisho kwa faida. Swichi iko ukutani, na joto hatuhitaji kulinunua.

Tuangalie badala yake uwanjani kwa mtu wakati wa jioni. Mama yuko mbele ya mbabula (jiko la makaa), mkono mmoja umeshika sufuria na mwingine mwiko, anasonga bukari (ugali), na bukari haimsubiri mtu. Mtoto ameketi pembeni na daftari, ana maneno ya Kifaransa ya kujifunza kwa imla ya kesho, na hapo nyumbani hakuna wa kumsomea. Babu, aliyestaafu kazi ya mgodini, ana vidonge vya shinikizo la damu ambavyo husahau. Mama anataka kujua dola leo inabadilishwa kwa faranga ngapi kabla ya kwenda sokoni asubuhi. Kila mmoja wao angeweza kuuliza kwa mdomo na kujibiwa kwa sauti: mtoto akasomewa maneno pole pole na kurudiwa, babu akakumbushwa saa ya dawa, mama akapata bei bila kufuta unga mikononi. Hesabu za kuzidisha, hali ya hewa ya kesho, saa ya kuamka kwa anayeingia zamu ya alfajiri, yote ni kazi nyepesi kwa mashine ya aina hii.

Na kuna watu wawili ambao kwao jambo hili ni kubwa kuliko urahisi. Asiyeona hahitaji kioo kuwaka ili aitumie. Asiyejua kusoma, ambaye simu yenye picha na maandishi inamfungia nje, anaingia kwa mlango aliouzoea tangu utotoni. Wakongo wamejifunza mengi kwa masikio: Radio Okapi inatangaza habari kwa Kiswahili tangu mwaka 2002, pamoja na Kifaransa, Kilingala, Kiluba na Kikongo. Spika inayojibu maswali inaongeza nafasi ambayo redio haikuwahi kumpa msikilizaji, nafasi ya kuuliza. Lakini swali la kipimo cha dawa au dalili za ugonjwa lipelekwe kwa muuguzi. Mashine inayokisia hukosea kwa sauti ile ile ya kujiamini inayoitumia ikipatia.

Tuje kwenye umeme, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi hufia. Likasi haiko mbali na mabwawa ya mto Lufira: Mwadingusha la mwaka 1930 na Koni la 1950, yote yaliyojengwa kwanza kwa ajili ya migodi. Hata hivyo, délestage, mgao wa umeme, ni sehemu ya maisha ya mtaani. Spika janja ndogo iliyochomekwa ukutani hula kama wati 3 hata ikiwa kimya, yaani wati-saa 72 kwa siku. Ruta ya intaneti ikila wati 8, inaongeza wati-saa 192. Jumla ni 264. Paneli ya jua ya wati 50 ikipata saa 5 za jua kali inatoa 250, kabla ya kuhesabu zinazopotea njiani. Maana yake paneli nzima imeliwa na haijatosha, na balbu bado haijawashwa.

Simu ya kawaida yenye betri ya miliampea-saa 5,000 inahifadhi kama wati-saa 19 tu, na inakaa siku nzima. Ina maikrofoni, ina spika, na tayari iko nyumbani. Ndiyo maana nasema spika janja ya Likasi ni simu iliyowekwa mezani, ikiunganishwa kwa bluetooth na spika ndogo ya kuchaji kama sauti haitoshi. Bando nalo linatosha. Swali la sekunde 5, hata lisipobanwa, halizidi kilobaiti 160. Kinachomaliza megabaiti ni muziki: saa moja ya nyimbo zenye ubora wa kawaida hula karibu megabaiti 58. Nyimbo za kwaya ziwekwe kwenye memori kadi, bando libaki kwa maswali.

Umeme na bando vina njia. Tatizo gumu zaidi ni masikio ya mashine. Alexa, msaidizi anayekaa ndani ya Echo, alianza Kifaransa mwaka 2018 na Kiarabu mwaka 2021, Kiswahili hana. Google iliongeza Kiswahili katika uandishi kwa sauti Agosti 2017, lakini mifumo ya aina hii kwa sehemu kubwa imelelewa kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Mtu wa Likasi anasema “batoto beko ku masomo”, na katikati ya sentensi hiyo hiyo anaingiza bei au saa kwa Kifaransa. Mashine iliyozoea “watoto wako shuleni”, na iliyoambiwa itegemee lugha moja tu, inalazimisha kila inachosikia kifanane na inachokijua. Mama anarudia mara ya pili, ya tatu, kisha anaiacha. Hapo yeye hana kosa lolote katika usemi wake. Kosa liko katika mafunzo ya mashine, na linarekebishika kwa kurekodi watu wake.

Tunajua linarekebishika kwa sababu jirani zetu wamefanya. Katika mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, watu hujitolea kusoma sentensi kwa simu na sauti zao huwekwa wazi kwa yeyote kuzitumia bure. Wanyarwanda walisoma hadi Kinyarwanda kikapita saa 2,000, zaidi ya lugha nyingi za Ulaya. Kwa Kiswahili, mwaka 2021 Mozilla ilipata dola milioni 3.4 za kuikuza kazi hiyo. Kiswahili cha Kongo nacho kilitambuliwa peke yake mwaka 2020, katika mkusanyo wa tafsiri za habari za korona ulioitwa TICO-19, lakini yalikuwa maandishi, bila sauti. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mfumo unaotambua maneno ya lugha zaidi ya 1,100, ukiwa umefunzwa kwa sehemu kubwa kwa usomaji wa Agano Jipya. Ni hatua kubwa, ila mtu anayesoma Injili hasemi kama anayepatana bei ya makala (mkaa) sokoni.

Sauti ni mali, basi itolewe kwa kujua. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba wafanyakazi wa Amazon walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi za nyumbani ili kuinoa Alexa, na mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani katika kesi ya kuhifadhi sauti za watoto. Katika parcelle (kiwanja) ya Likasi, ambako familia tatu hushiriki uwanja mmoja, spika ya mtu mmoja inasikia jirani wawili ambao hawakuulizwa. Ukiwa nayo, zima maikrofoni wakati wa maongezi ya familia, na mfundishe mtoto kutotaja majina na siri za nyumba. Kongo imepata Kanuni ya Dijitali tangu Machi 2023, yenye sehemu inayolinda taarifa za mtu. Wanasheria wetu waisome na kuitumia kabla vifaa havijajaa majumbani.

Ombi langu la kwanza ni kwa Chuo Kikuu cha Likasi na kwa redio za mji: rekodini mazungumzo ya watu kwa ridhaa yao, ya sokoni, ya jikoni, ya garini, na Kifaransa kilichochanganyika humo msikiondoe, kisha yawekeni wazi ili yeyote anayeunda mashine asiwe na sababu ya kutusahau. La pili ni kwako msomaji. Ingia Common Voice kwa simu yako, chagua Kiswahili, taja lafudhi yako, na usome kwa sauti yako ya kila siku, bila kuigiza mtangazaji wa Dar es Salaam au Nairobi. Ukimaliza, mwite shangazi au babu naye asome.