Je, Wajua? Singida: Kutoka Zizini Hadi Sogea Tukae

Je, wajua kwamba kwa Wanyaturu wa zamani wa Singida safari ya ndoa ilianzia kwenye samadi? Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti kwao mwaka 1959 na 1960, aliifuatilia hesabu hiyo hatua kwa hatua. Ng'ombe hutoa samadi, samadi hustawisha uwele na mtama, nafaka ya ziada hubadilishwa kwa mifugo, mifugo hutolewa mahari, na mke anayeletwa huongeza nafaka kwa jembe lake. Kisha mzunguko unaanza upya. Kitabu chake kuhusu Wahi, yaani Wanyaturu wa kusini, kilitoka 1970, na ukikisoma huwashangai tena wazee waliokataa kumwachia kijana achague peke yake. Zizi halikuwa lake.

Na mapenzi je? Yalikuwapo, ila si lazima yakae nyumba moja na ndoa. Wanyaturu walikuwa na neno mbuya, mpenzi wa moyoni aliye nje ya ndoa, na mambo yake yalikwenda kwa siri. Schneider aliliandikia makala nzima, iliyochapishwa 1971. Kwa hiyo babu akikwambia michepuko imeletwa na simu, muulize kwa adabu zote kama aliwahi kulisikia neno hilo.

Ukipanda hadi Wilaya ya Mkalama, kijiji cha Munguli, kuna Wahadzabe, wawindaji na warina asali wa upande wa Ziwa Eyasi. Wao hawana zizi la kuhesabia. Zamani mchumba alipeleka shanga na asali, lakini ndoa yenyewe ilitambulika pale wawili walipoanza kulala pamoja na kambi nzima ikaona. Mara nyingi walikaa karibu na mama wa mke. Mmoja akihama, basi, imeisha. Hakuna kikao cha kurudishiana mifugo.

Mwaka 1971, uleule wa makala ya Schneider, ikaja Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ambayo inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Ila je, wajua kwamba sheria hiyohiyo inasema mahari isipokamilika, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo? Washenga wengi hawapendi kulisikia hilo. Inaruhusu pia mchumba aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani. Kifungu cha 160 ndicho kinachogusa vijana wengi wa leo: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na majirani wakawajua kama mume na mke, sheria inawachukulia kuwa wameoana, mpaka atokee wa kuthibitisha vinginevyo. Mtaani tunaiita sogea tukae. Mhadzabe angeuliza tu kwa nini serikali ilisubiri miaka yote miwili.

Sheria hiyo ilimruhusu pia msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga jambo hilo, akashinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi tena.

Na ng'ombe, je, wamekwisha? Ukiketi kwenye posa utawasikia bado wanatajwa, tena kwa idadi, kwa sauti nzito ya wajomba. Lakini mara nyingi ng'ombe huyo hana kwato. Anakadiriwa bei, analipwa kwa awamu, na tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 anaweza kutoka Dar es Salaam hadi Kiomboi kabla chai haijapoa. Ng'ombe wa babu alifika zizini kwa miguu yake mwenyewe. Huyu wa sasa baba mkwe anampokea, anasoma ujumbe mara mbili, kisha anampigia mshenga: mbona hamkuweka na ya kutolea?