Namba Sita Kubwa na Rekodi Zake

Hakuna namba nzima iliyo kubwa kuliko zote. Taja yoyote uitakayo, mwenzako ataongeza moja na kukupiku. Ndiyo maana wanahisabati hawashindanii ukubwa mtupu. Wanachoshindania ni uthibitisho: namba huingia kwenye orodha ya rekodi pale mtu anapoweza kusema jambo la hakika juu yake. Tuanze na iliyo kubwa kupindukia, tushuke hadi ile inayoenea kwenye mstari mmoja wa daftari.

1. Iliyosifika kwa ukubwa katika uthibitisho: namba ya Graham

Ilizaliwa na utafiti wa Mmarekani Ronald Graham kuhusu mchemraba wa vipimo vingi ambao mistari inayounganisha pembe zake imepakwa rangi mbili. Kazi ya namba hii ni kuweka mpaka: jibu la swali lake halivuki hapo. Mwaka 1980, kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa namba kubwa kuliko zote zilizowahi kutumika katika uthibitisho wa hisabati. Haiandikiki. Hata kila chembe ya ulimwengu ikibeba tarakimu moja, chembe zitakwisha kabla ya tarakimu. Hata hivyo, kwa kuwa imejengwa kwa 3 zinazozidishwa zenyewe kwa zenyewe, tunajua kwamba haigawanyiki kwa namba tasa (namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu) yoyote isipokuwa 3, na kwamba inaishia na 7.

2. Namba timilifu kubwa kuliko zote zinazojulikana

Namba timilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiwekwa kando: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Mgiriki Euclid aliacha kanuni ya kuzipata. Zidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mara kadhaa, kisha toa 1. Ukipata namba tasa, izidishe kwa nusu ya ile uliyoitoa 1. Kwa mfano, 8 toa 1 ni 7. Mara 4, ni 28. Kwa kanuni hiyo hiyo, namba tasa inayofuata hapa chini imetupa namba timilifu yenye tarakimu 82,048,640.

3. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana

Ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukichapa tarakimu 4,000 kila ukurasa, utajaza kurasa zaidi ya 10,000. Aliyeigundua ni Luke Durant wa San Jose, California, mwezi Oktoba 2024, akiwa ndani ya GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Durant alitumia kompyuta zilizotawanyika katika nchi 17. Ya Dublin ndiyo iliyotoa ishara ya kwanza, na ya San Antonio, Texas, ikathibitisha. Rekodi iliyotangulia ilikuwa imesimama tangu 2018.

Tarakimu ya mwisho ya jitu hili unaweza kuipata mwenyewe. Vipeo vya 2 huishia 2, 4, 8, 6 kwa zamu. Gawa 136,279,841 kwa 4, hubaki 1. Basi 2 kwa kipeo hicho inaishia na 2. Toa 1: namba yetu inaishia na 1.

4. RSA-250: ndogo, lakini ngumu

Hii ina tarakimu 250 tu. Ni jawabu la kuzidisha namba tasa mbili zilizofichwa, mtindo ule ule wa kufuli linalolinda siri kwenye intaneti. Ilipovunjwa Februari 2020 ikawa rekodi ya aina yake, na kazi yake ingeichukua kompyuta yenye kiini kimoja cha kawaida takriban miaka 2,700. Kujua kwamba namba inavunjika ni rahisi. Kujua inavunjikia wapi ndiyo shughuli.

5. Tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa kwa mkono

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha, bila mashine, kwamba 2 kwa kipeo cha 127, toa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 39, na iliongoza kwa miaka 75. Njia yake, iliyoboreshwa baadaye na Derrick Lehmer, ndiyo iliyothibitisha rekodi ya Durant.

6. Iliyovunjwa bila neno

Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne wa Ufaransa alitangaza kwamba 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, ni tasa. Lucas alionyesha kuwa si kweli, ila vigawo vyake hakuvipata. Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha hatua kwa hatua, akafika 147,573,952,589,676,412,927, ile ile namba ya Mersenne. Ukumbi ukampigia makofi.

Kwa kazi hiyo Cole inasemekana alitumia Jumapili za miaka mitatu. Kumhakiki kunahitaji penseli na robo saa, na huo ndio uzuri wa hisabati: ugunduzi unaweza kumgharimu mtu sehemu ya maisha yake, lakini ukishathibitishwa, mwanafunzi yeyote anayejua kuzidisha ana haki ya kuukagua, na atapata jawabu lile lile.