Capablanca: Bingwa wa Sataranji na Adui Asiyepiga Hodi

Tarehe 23 Oktoba 1918, katika mashindano ya sataranji jijini New York, José Raúl Capablanca wa Kuba alikutana na Mmarekani Frank Marshall. Capablanca, mwenye kete nyeupe, alitumia ufunguzi wa Kihispania, unaohusishwa na padri Ruy López wa karne ya 16. Katika ufunguzi huo, askofu mweupe hutoka mapema kumbana farasi mweusi anayemlinda askari wa katikati.

Katika hatua ya nane, Marshall alimsukuma mbele askari wa malkia, akakubali kumpoteza askari wake wa katikati ili apate nafasi ya kumshambulia mfalme. Capablanca aliipokea kete hiyo. Kete nyeusi zilimzingira mfalme wake, naye akapima kila tishio, akalijibu kwa wakati wake, hata akashinda katika hatua ya 36. Shambulio hilo lingali linaitwa kwa jina la Marshall, na mabingwa wanalicheza hadi leo.

Capablanca alikuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Hata hivyo, mwilini mwake mlikuwa na adui mwingine: shinikizo la juu la damu. Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 alianguka akiwa katika klabu ya sataranji jijini New York. Siku iliyofuata alifariki dunia kwa kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 53. Zama hizo tabibu hakuwa na vidonge madhubuti vya kumpa. Dawa zilizovumilika vizuri zilienea kuanzia miaka ya 1950.

Mgonjwa wa leo anazo dawa hizo, ila shinikizo kwa kawaida halitoi dalili. Mtu mzima apimwe hata akijiona mzima. Vipimo vinavyorudia kufika 140/90 au zaidi vinahitaji ushauri wa tabibu. Apunguze chumvi, aache tumbaku, afanye mazoezi, wala asikatize dawa kwa kuwa amepata nafuu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au kauli ikivurugika ghafla, apelikwe hospitali mara moja. Naye mhudumu wa afya asimruhusu mgonjwa kuondoka kabla ya kumpima na kumweleza maana ya namba zake.