Kikombe cha Mti na Kazi ya Kungoja

Miaka 3 iliyopita upepo wa masika ulivunja tawi kubwa la mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu, huku Muheza. Watu wa nyumbani walitaka kulipasua kuni. Tukaomba tuachiwe kipande kimoja, maana tulikuwa na shauri letu.

Baba yetu ni mzee sana, na vidole vyake havina nguvu tena. Kila asubuhi alipopewa chai katika kikombe cha bati, alikiweka chini upesi kwa kuungua, na mara nyingine chai ikamwagika. Bati hupitisha moto upesi, bali mti hauupitishi hivyo. Basi tukasema moyoni, heri tumchongee mzee kikombe cha mti. Sisi si maseremala, lakini tangu ujana twapenda kushika kisu na kipande cha mti wakati wa jioni, kazi za mchana zikiisha.

Tulichonga siku mbili, tukakiweka kikombe karibu na jiko usiku ili kikauke, na asubuhi tukampelekea. Kilipendeza machoni. Lakini mzee alipotiliwa chai, ikatoka kwa chini ikamlowesha kanzu, kwa kuwa mlikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nasi hatukuuona. Tuliona haya mno. Yeye hakukasirika. Alikigeuzageuza mkononi, akatuambia, “Mwanangu, mti huu ulikuwa mbichi, nawe ulikuwa na haraka.”

Neno lile lilitufanya tutafute sababu, na sababu ni hii. Mti mbichi umejaa maji. Maji yakitoka, mti hunywea. Na kunywea kwake si sawa pande zote, maana kwa kuufuata mviringo wa gogo hunywea kama mara mbili kuliko kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Tena, ukiwekwa penye moto, nje hukauka na kubana, hali ndani ungali na maji na haujapungua. Nje huvuta, ndani hukataa, na mwisho wake ni ufa.

Wala si sisi tu tulio na shida hii. Kaskazini kabisa ya Ulaya, katika nchi za Norway, Sweden, Finland na pembe ya Urusi, wako watu waitwao Wasami, ambao tangu kale huchonga vikombe vya mti. Kikombe chao huitwa guksi, na Wafini hukiita kuksa. Hukichonga katika nundu iotayo juu ya mti wenye gome jeupe, ambao Wafini huuita koivu. Wameichagua nundu kwa maarifa, maana nyuzi zake zimepindana huku na huku, hata ufa haupati njia iliyonyoka ya kupita. Hata hivyo wao nao hukausha polepole, na wengine hukichemsha kikombe katika maji ya chumvi ili kisipasuke. Leo watu wa nchi nyingi huvichonga vikombe vya namna hiyo kwa kujifurahisha tu.

Basi tulianza tena, na kwa yeyote apendaye kujaribu twaeleza tulivyofanya. Kwanza, chagua mti usio na sumu. Usiguse mnyaa, kwa kuwa utomvu wake huunguza ngozi na kudhuru macho. Na mwarobaini utakupa kinywaji kichungu. Mwembe wafaa, ila utomvu wake mbichi huwasha ngozi za watu wengine. Pasua gogo katikati, kisha uuondoe moyo wote wa mti, maana penye moyo ndipo nyufa zianzapo.

Anza kukomba ndani kwa patasi yenye makali yaliyopindika, wakati kipande kingali na pande nne za kushikika vizuri. Ndani ikiisha, chonga nje kwa tezo, kisha kwa kisu. Na mkono ushikao usikae kamwe mbele ya makali. Acha ukuta wenye unene wa kidole, ulio sawa pande zote, kwa maana penye unene na wembamba pamoja hapakauki sawasawa.

Sasa yaja kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Kifukie kikombe katika maranda yake mwenyewe ndani ya kikapu, ukiweke kivulini, mbali na jiko na upepo. Sisi tulikipima kila juma katika mizani ya dukani, hata uzito ulipokoma kupungua. Asiye na mizani na akiweke shavuni. Kikiwa baridi kuliko mti mkavu, maji yamo bado. Kwetu kilikaa miezi miwili. Mara nyingi tulitamani kukitoa, tukakumbuka kanzu ya mzee, tukakirudisha.

Kilipokauka tulikipunguza unene, tukakilainisha kwa majani ya msasa, mti ule uliolipa jina lake karatasi ya maseremala. Tukakilowesha nyuzi zisimame, tukakilainisha tena. Kisha tukakipaka mafuta ya nazi siku kadha wa kadha. Nta ya nyuki haifai kwa kikombe cha chai, kwa kuwa huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64, na chai ya moto huipita. Kukiosha, maji matupu yatosha. Kisilale majini wala kisianikwe juani.

Siku tuliyompelekea mzee kikombe cha pili, alikijaza maji kwanza, akakiweka juu ya jamvi, akakitazama kitambo kirefu pasipo kusema neno. Jamvi lilibaki kavu. Ndipo alipoomba chai, naye akakishika kwa mikono miwili hata akamaliza.

Mpaka leo hukinywea. Kile cha kwanza hatukukitupa. Twawekea mbegu za mchicha, na watoto wakiuliza habari za ufa ule, twawaeleza tulivyofanya, wala hatufichi. Mvumilivu hula mbivu, walisema wazee. Nasi twaona kwamba hunywa pia.