Ndinga Ikinuka Mafuta, Zima Kwanza

Oya mwanangu, kama unasukuma pikapu ya kitambo huku Malolo, kuna harufu moja usiizoee kabisa: ya mafuta. Masela wengi wakiisikia wanashusha vioo, wanaongeza sauti ya ngoma za Professor Jay, mbunge wetu wa Mikumi wa 2015 hadi 2020, safari inasonga. Hiyo ni noma, na nasema hivi kwa sababu nawapenda wana.

Cheki mishe zetu zilivyo. Msimu wa vitunguu ukifika, Hilux za zamani ndizo zinazoingia mashambani kwenye skimu ya Mwega, zinabebeshwa lumbesa hadi springi zinalala, zinatoka na vumbi kuitafuta lami ya TANZAM pale Ruaha Mbuyuni. Bonde hili lina joto la kufa mtu. Mpira wa mafuta uliokaa miaka kibao karibu na injini unakauka, unakakamaa, na mashimo ya barabara ya shamba yanautikisa kutwa nzima. Mara nyingi unapasuka pale pale klipu ilipobana.

Ukiwa na injini ya 2L, 3L au 5L, hiyo ni dizeli, na hapa masuka wanapigwa sana. Pampu yake inavuta mafuta kutoka kwenye tenki. Ufa ukiwa kabla ya pampu, unaweza usione hata tone chini, kwa sababu badala ya kumwaga mafuta, ndinga inavuta hewa. Asubuhi unapiga stata hadi betri inachoka, ikiwaka inamisi, inazima. Unaambiwa betri imekufa, kesho noseli, keshokutwa pampu nzima, mkwanja wa tajiri unateketea, kumbe mpira tu. Mwambie fundi afunge kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kabla ya pampu. Viputo vikipita, jibu mnalo. Mkishabadilisha, piga ile pampu ya mkono ya kwenye filta hadi iwe ngumu, ndiyo upige stata.

Vile vimpira vyembamba vya ritani juu ya noseli vikichoka, utajua kwa macho: vumbi linageuka tope jeusi juu ya injini. Futa pakauke, washa, angalia panapoanza kulowa. Ila mabomba ya chuma yanayoingia kwenye noseli usiyapapase injini ikiwa inanguruma. Presha ya pale inapenyeza dizeli ndani ya nyama, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa hilo. Pitisha kipande cha boksi, siyo kidole. Ukichomwa, kimbia hospitali hata kama hakuna maumivu.

Petroli ni habari nyingine. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kimya kimya ukitafuta cheche au eksozi ya moto. Mkoa wetu wa Morogoro unajua. 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100, wakiwemo madereva wa bodaboda. Ni barabara hii hii tunayopita.

Kwa hiyo ikinuka petroli: weka pembeni, zima, shusha watu wote, hasa kina mama waliokaa juu ya magunia, sigara hapana, na usifunue boneti ukaanza kuchokonoa ikiwa bado ya moto. Ikishapoa, kama ufa uko mwishoni mwa mpira na urefu unaruhusu, kata kile kipande kibovu, rudishia, kaza klipu. Tundu dogo la tenki linazibwa na sabuni ya mche, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Inakufikisha gereji, basi. Kufunga kwa vipande vya tyubu ni kujidanganya, petroli inavilainisha. Na ule mtindo wa kuweka kidumu ndani ya kebini na kuvuta mafuta kwa kimpira, wana, tuuache. Umekaa na moto miguuni.

Dukani beba kipande cha zamani, omba mpira wa mafuta wenye kipenyo kile kile. Wa maji ni wa bei chee, lakini utavimba.

Kinachoniuma ni kwamba suka wa deiwaka mara nyingi ameshaisikia harufu. Anaogopa hesabu ya tajiri. Matajiri, kabla ya msimu badilisheni mipira yote kwa mpigo, maana mmoja ukishapasuka, wenzake wa umri ule ule wako njiani. Na suka akipiga simu kwamba amepaki, msimwakie. Vitunguu vikilala shambani usiku mmoja haviozi.